Treni ndogo ya kidijitali ikikorofisha: tafuta ugonjwa kabla ya kununua dawa

Treni ndogo za umeme, zile zilizoundwa kwa vipimo vya treni halisi, si mchezo wa watoto peke yao. Ujerumani, Uingereza na Marekani kuna watu wazima wanaozishughulikia miaka nenda miaka rudi, wakajenga stesheni, madaraja na milima ndani ya chumba kimoja. Huku kwetu Pwani walio nazo si wengi. Mara nyingi huja na mizigo: shangazi karudi kutoka Uingereza, au mjomba katuma sanduku kutoka Marekani, na ndani mna kichwa cha treni, mabehewa matatu manne na vipande vya reli vya kuunganisha.

Siku za kwanza ni furaha tupu. Kisha kichwa kinaanza visa. Kinakwenda hatua mbili, kinasita. Kinasimama mpaka kisukumwe kwa kidole. Taa zinapepesa. Siku nyingine kinatoka mbio kama kilichofukuzwa, na hata ukibonyeza kukisimamisha hakisikii. Mwenyewe akiuliza, jibu la haraka analopewa ni kwamba kompyuta ya ndani imekufa, anunue nyingine. Ananunua, anafungiwa, na kichwa kinakorofisha vile vile kwa sababu ugonjwa haukuwa huko.

Hasara yake si ndogo. Kifaa hicho cha ndani, kiitwacho dikoda, kwa kawaida huagizwa kutoka nje, na juu ya bei yake kuna usafiri na ushuru. Na kuna hatari inayosahaulika zaidi: kosa la umeme kwenye reli hizi ndogo, lisiposhughulikiwa, linaweza kuyeyusha plastiki na hata kuanzisha moto mezani. Basi tuangalie, hatua kwa hatua, jinsi ya kulitafuta kosa lenyewe badala ya kubahatisha.

Ndani ya reli mna nini

Treni ndogo za zamani zilikuwa rahisi. Ukizidisha volti kwenye reli, treni inakwenda kasi; ukipunguza, inakwenda polepole; ukigeuza chanya na hasi, inarudi nyuma. Ubaya wake ni kwamba vichwa viwili vikiwa juu ya reli moja, vyote vinatii pamoja.

Mfumo wa kidijitali, unaofupishwa DCC, ulileta njia nyingine. Msingi wake ulitoka kwa kampuni ya Lenz ya Ujerumani, na katika miaka ya 1990 chama cha wapenzi wa reli ndogo cha Marekani, NMRA, kiliufanya kuwa kiwango cha pamoja ili vifaa vya kampuni tofauti vielewane. Katika mfumo huu reli zina umeme kamili wakati wote, kwa kawaida volti 14 hadi 16 kwa treni za kipimo cha HO, hata treni ikiwa imesimama. Umeme huo unageuzwa chanya na hasi maelfu ya mara kila sekunde. Kugeuka kwenyewe ndiyo lugha. Nusu ya mgeuko ikichukua sekunde 58 za milioni, hiyo ni alama ya 1. Ikichukua kama 100 za milioni au zaidi, hiyo ni 0.

Kwa alama hizo mtambo wa amri hutuma ujumbe mfupi: kwanza namba ya kichwa kinachoambiwa, kisha amri yenyewe, mwishowe namba ya kuhakikisha kwamba ujumbe haukuharibika njiani. Dikoda iliyo ndani ya kila kichwa husikiliza yote, ikachukua iliyo yake. Namba ya mwisho isipolingana, ujumbe mzima unatupwa, na mtambo unaurudia tena baada ya muda mfupi.

Hapa kuna jambo la kushika. Uchafu kwenye reli kwa kawaida haufanyi kichwa kisikie amri isiyo yake, maana ujumbe ulioharibika hautiiwi. Uchafu unakata umeme. Reli zilezile mbili zinaleta chakula na maneno kwa pamoja, na chakula kikikatika hata kwa muda mfupi, dikoda inazimika na kuanza upya kama simu iliyotolewa betri. Kusita, kupepesa na kusimama huanzia hapo mara nyingi kuliko ndani ya dikoda.

Swali la kwanza: taa zinasemaje?

Kabla ya kufungua skrubu hata moja, washa taa za kichwa, kiendeshe polepole, kisha utazame. Kipimo hiki hakigharimu kitu, na kinagawa matatizo mafungu mawili.

Kichwa kikisita na taa zikapepesa au kuzimika kwa wakati ule ule, umeme haufiki kwenye dikoda. Kosa liko kwenye reli, kwenye magurudumu, au kwenye vidole vya shaba vinavyochukua umeme kutoka kwa magurudumu. Kuigusa dikoda hapo ni kupoteza wakati.

Kichwa kikisita na taa zikabaki imara, umeme unafika. Kosa liko baada ya dikoda: mota, gia, waya za kwenda kwenye mota, au namba za mipangilio zilizoandikwa ndani ya dikoda.

Kipo kisa kimoja cha kuangalia. Baadhi ya vichwa vimewekewa kapasita ya akiba, kifaa kinachohifadhi umeme kidogo wa kuvuka sehemu chafu. Kichwa chenye akiba kinaweza kuonyesha taa imara ilhali reli ni chafu. Kama chako kinayo na inawezekana kuichomoa, ichomoe kwanza ndipo upime.

Swali la pili: ni mahali au ni kichwa?

Chukua vipande vidogo vya karatasi. Kila kichwa kinaposita, weka kipande pembeni mwa reli. Kizungushe mara tano au sita. Karatasi zikikusanyika mahali pamoja, ugonjwa ni wa reli pale pale: kiunganishi kilicholegea, reli iliyochafuka, au njiapanda ya reli. Zikitawanyika kila mahali, ugonjwa unasafiri na kichwa chenyewe.

Kuna kipimo kingine cha kupendeza, nacho ni mdundo. Kipimo cha HO ni 1 kwa 87. Reli ya SGR ina upana wa milimita 1,435. Ukigawa kwa 87 unapata 16.5, na huo ndio upana wa reli ya HO. Reli kongwe ya mita moja, iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, kwa kipimo hicho ingekuwa na milimita 11.5, na wanaounda treni za namna hiyo hutumia reli ya milimita 12. Magurudumu nayo hupunguzwa vivyo hivyo: gurudumu la mita moja linakuwa na kipenyo cha milimita 11.5, na mzunguko wake ni kama milimita 36.

Sasa tazama. Kichwa chenye gurudumu kama hilo kikiruka kila baada ya milimita 36, kosa linajirudia kila gurudumu linapomaliza mzunguko. Hapo tafuta gia iliyopasuka kwenye ekseli, au gurudumu lililopinda au lenye doa la uchafu. Kikitetemeka haraka zaidi ya hapo, angalia mota na gia za karibu nayo zinazozunguka kwa kasi. Kikisita bila mpango wowote, rudi kwenye umeme unaokatika.

Chumvi ya bahari na namna ya kusafisha

Sisi wa Pwani tuna adui wa ziada. Hewa yetu ina unyevu na chumvi, na kila anayekaa karibu na bahari anajua inavyokula mabati, misumari na baiskeli. Reli ndogo nazo hazisalimiki. Seti za bei nafuu huja na reli za chuma, na hizo hushika kutu mapema. Reli za shaba nyeupe ya manjano hujenga tabaka lisilopitisha umeme vizuri. Reli nzuri zaidi ni za aloi ya shaba, nikeli na zinki. Nazo huchafuka, lakini kwa mwendo wa polepole. Anayenunua reli za kutumia Pwani na auliize madini yake kabla ya bei.

Kusafisha ni kazi nyepesi. Chukua kitambaa cha pamba kisichotoa nyuzi, kitie spiriti safi kidogo, usugue sehemu ya juu ya reli. Zima umeme kwanza, fungua dirisha, na hakikisha hakuna jiko wala sigara karibu, kwani spiriti inashika moto upesi. Kwa magurudumu, tandaza karatasi laini iliyolowa spiriti juu ya reli, weka magurudumu ya mbele juu ya karatasi na ya nyuma yabaki kwenye reli kavu, kisha washa na ushike kichwa huku kikizunguka mahali pamoja. Utaona mistari myeusi kwenye karatasi. Geuza upande wa pili ufanye hivyo hivyo. Magurudumu yenye mpira wa kushika reli usiyaloweshe. Mpira ule hauchukui umeme, na spiriti nyingi inaweza kuuharibu.

Vitu vya kuepuka ni vitatu. Msasa mkali huacha mikwaruzo ambamo uchafu unakaa na kurudi haraka kuliko mwanzo. Sufi ya chuma ya kusugulia sufuria ni mbaya zaidi: chembe zake huvutwa na sumaku ya mota, zikaingia ndani na kupiga shoti. Cha tatu ni mafuta ya kupikia. Usiyatie kwenye gia, yawe ya nazi au ya chupa, maana hushika vumbi na kugeuka gundi. Tumia tone moja la mafuta mepesi yaliyoandikwa kuwa hayadhuru plastiki. Mafuta yakizidi hutiririka mpaka kwenye magurudumu, ukawa umerudi ulikotoka.

Ukishasafisha na taa bado zinapepesa kila mahali, chunguza vile vidole vya shaba. Weka karatasi kavu chini ya magurudumu ya mbele, ili umeme uchukuliwe na ya nyuma peke yake. Kisha geuza. Upande ambao taa zinazimika ndio wenye kidole kilichopinda au waya uliokatika. Mara nyingi dawa ni kukikunja kidole kwa kibano mpaka kilale juu ya gurudumu kwa wepesi, bila kulibana.

Sarafu ya shilingi 20

Kipimo hiki kinahusu usalama wa nyumba, kwa hiyo tusikipite haraka.

Vipande vya reli huunganishwa kwa vibati vidogo. Vikiwa vipya hupitisha umeme vizuri, lakini kutu ikiingia kila kimoja huongeza ukinzani. Chukulia ukinzani wa njia nzima umefika omu 4, na mtambo unatoa volti 15. Kichwa kinachotumia nusu ampia kitapoteza volti 2 njiani, kibaki na 13. Kitakwenda polepole kidogo upande ule wa mbali, na wengi watasema ni cha zamani kimechoka.

Lakini fikiria kichwa hicho kimeanguka, kikalala juu ya reli zote mbili. Hiyo ni shoti. Mtambo ulipaswa kuikata mara moja. Kwa ukinzani wa omu 4, hata hivyo, umeme unaopita ni 15 gawanya kwa 4, yaani ampia 3.75. Kama mtambo umepangwa kukata kwenye ampia 5, hautakata. Utaendelea kusukuma, na joto linalotoka njiani ni karibu wati 56, kama pasi ndogo ya lehemu, likikusanyika kwenye viungo vibovu na kwenye magurudumu membamba yanayobanwa na plastiki. Wati hizo zinatosha kuyeyusha, na zikipata kitu kikavu karibu, zinatosha kuwasha.

Ndiyo maana wenye treni za kidijitali wana desturi ya kupima kwa sarafu. Toa vichwa vyote kwenye reli. Washa mtambo. Chukua sarafu ya shilingi 20, ambayo ni pana kuliko nafasi ya reli za HO, uilaze juu ya reli zote mbili mahali palipo mbali kabisa na mtambo, kisha uitoe. Mtambo ukate papo hapo. Rudia sehemu nyingine, pamoja na kila upande wa njiapanda. Popote ambapo mtambo haukukata, usiache treni ikimbie hapo mpaka patengenezwe.

Matengenezo yenyewe ni waya. Usivitegemee vibati kubeba umeme. Pitisha waya mbili nene chini ya meza kutoka kwa mtambo, na kutoka kwa hizo lehemu waya fupi mpaka kila kipande cha reli. Tofautisha rangi ya kushoto na ya kulia, kwani kuzichanganya mara moja tu ni kupiga shoti reli nzima.

Na kwa waliopokea seti kutoka Marekani: soma maandishi ya chaja kabla ya kuichomeka ukutani. Umeme wa nyumba za Marekani ni volti 120, wa kwetu ni 240. Chaja iliyoandikwa 100–240 haina neno. Iliyoandikwa 120 peke yake itaungua, na huenda ikaondoka na mtambo wa amri.

Taa imara, mwendo mbovu

Tuseme taa hazipepesi na kichwa bado kinaruka. Sasa tunatenga mashine na kompyuta. Vichwa vingi vya kisasa vina soketi ambamo dikoda huchomekwa, na huja na kizibo cha kuweka mahali pake. Chomoa dikoda, weka kizibo, kisha kiendeshe kichwa kwa umeme wa kawaida wa moja kwa moja usiozidi volti 12, kwenye kipande cha reli kilichotengwa na mtambo wa amri. Kikiruka vile vile, dikoda haina hatia. Shughulikia mota na gia. Kikienda sawa, rudisha dikoda utazame mipangilio. Usijaribu kichwa kisicho na dikoda juu ya reli za DCC. Mota italia na kupata moto hata ikiwa imesimama, na nyingine huungua.

Kwa mota, zungusha gia kwa mkono. Ziende kwa ulaini bila kukwama mahali. Ondoa nywele na nyuzi za zulia zilizojisokota kwenye ekseli. Hizo peke yake zimesimamisha treni nyingi. Kama mota inafunguka, angalia brashi za kaboni kama zimekwisha.

Kichwa kikienda vizuri dakika kumi kisha kikasimama, kikapumzika na kuondoka tena, dikoda inajikinga na joto. Dikoda nyingi za HO hubeba kama ampia 1. Mota iliyokwama huvuta zaidi ya hapo. Kuweka dikoda kubwa zaidi kunaficha ugonjwa. Uliza kwanza kwa nini mota inavuta kupita kiasi.

Kama dikoda ilifungwa na fundi kwenye kichwa cha zamani, pima kwa mita: kati ya kila ncha ya mota na mwili wa chuma wa kichwa pasiwe na njia ya umeme hata kidogo. Vichwa vingi vya zamani vilitumia mwili wenyewe kama waya. Ncha moja ikigusa, dikoda inaungua, na mpya utakayoweka itaungua pia. Hapo ndipo watu hununua dikoda tatu mfululizo na kulaumu kiwanda.

Kichwa kinachotoka mbio

Kisa hiki ndicho kinachotisha wengi, na dawa yake ni ya bure. Dikoda huhifadhi mipangilio katika namba zinazoitwa CV, kila moja na kazi yake. CV29 ina ruhusa kadhaa zilizojumlishwa pamoja. Mojawapo, yenye thamani ya 4, huruhusu kichwa kiende pia kwenye reli za zamani zisizo za kidijitali.

Ruhusa hiyo ndiyo huleta balaa. Umeme ukikatika na kurudi pamoja na vurugu, dikoda inaamka, haisikii ujumbe unaoeleweka, inadhani iko kwenye reli ya zamani. Inaona volti 15, na kwa mfumo wa zamani volti nyingi maana yake ni kasi kamili. Inaondoka mbio.

Soma CV29. Igawe kwa 8 utazame baki. Baki ikiwa 4, 5, 6 au 7, ruhusa hiyo imewashwa. Toa 4 kutoka kwa namba nzima uandike jibu. Namba ikiwa 6, andika 2. Ikiwa 38, gawa kwa 8 upate baki 6, kwa hiyo andika 34. Baki ikiwa chini ya 4, imeshazimwa, usiiguse. Kisha rudi ukasafishe reli, kwa sababu vurugu iliyomwamsha jini bado ipo.

Mipangilio inayodhaniwa ni ubovu

Mambo mengine yanaonekana ubovu na si ubovu.

Kichwa hakiitikii kabisa namba yake: huenda kiliunganishwa na kichwa kingine kuvuta treni moja, na bado kinasubiri amri ya pamoja. Andika 0 kwenye CV19. Kichwa kipya nacho huitikia namba 3 mpaka kibadilishwe.

Kinachukua muda mrefu kuondoka au kusimama: CV3 ni ya kuongeza kasi, CV4 ni ya kupunguza. Kwa kanuni ya kiwango, namba hiyo zidisha kwa 0.9 upate sekunde za kutoka kusimama hadi kasi kamili. CV3 ikiwa 40, ni sekunde 36. Na kwa kuwa umeme ukikatika baadhi ya dikoda huanza mwendo upya kutoka sifuri, namba kubwa hapa hufanya doa dogo la uchafu lionekane ugonjwa mkubwa. Ukiwa unapima, weka zote mbili 0.

Taa zinawaka na kuzima kila unapobadili kasi hatua moja, na zinatulia ukiacha: mtambo unahesabu kasi kwa hatua 28 na dikoda inahesabu kwa 14. Zilinganishe. Kwa CV29 ni ile ruhusa yenye thamani ya 2.

Kinatetemeka kikiwa polepole na kinatulia kikiongeza kasi: dikoda nyingi husitisha umeme wa mota kwa muda mfupi mno na kupima umeme unaozalishwa na mota yenyewe, ili zijue kasi halisi na kuirekebisha. Marekebisho yakiwa makali kupita kiasi, kichwa hutapatapa. Namba za kurekebisha hili hutofautiana kwa kila kampuni, kwa hiyo kijitabu cha dikoda yako ndicho mwongozo. Usinakili namba za dikoda ya mwenzako.

Ukiwa umebadilisha mengi mpaka umepotea, dikoda za kampuni nyingi hurudi kwenye mipangilio ya kiwandani ukiandika 8 kwenye CV8. Thibitisha kwanza katika kijitabu, na uandike namba zako za zamani kwenye daftari.

Lini useme dikoda imekufa

Sema hivyo baada ya haya yote: reli na magurudumu ni safi, umeme unafika kila mahali, mota inakwenda sawa kwa kizibo, haigusi mwili, mipangilio imerudishwa, na dikoda hiyo hiyo ikichomekwa kwenye kichwa kingine kizima inakorofisha pia. Hapo agiza nyingine kwa moyo mkunjufu.

Ile kapasita ya akiba ni kifaa kizuri, hasa kwa vichwa vifupi vya magurudumu manne. Lakini kuifunga kabla ya kusafisha ni kuweka ndoo chini ya paa linalovuja. Sebule inakauka, boriti zinaendelea kuoza.

Na fundi ukimpelekea kichwa, muulize swali moja kabla ya kumlipa: umepima nini? Akijibu kwa vipimo, mwachie kazi. Akijibu kwamba atajaribu kubadilisha kifaa hiki, kisipofaa atabadilisha kile, anakuuzia bahati nasibu kwa pesa zako. Vijana wetu wanaotengeneza simu, feni na friji mitaani wanakutana na jaribu hilo hilo kila siku, na kichwa kidogo cha treni, chenye umeme, kompyuta na mashine ndani ya kiganja kimoja, ni darasa zuri la kulishinda. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, andika ulichoona, kisha endelea na kinachofuata. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.